Operesheni ya mguu na operesheni ya tumbo: nilivyozipitia zote mbili

Dada yangu, umeuliza kama mtu aliyekwisha kupasuliwa tumbo mara mbili kwa uzazi ana haja ya kuiogopa operesheni ya kunyoosha kidole gumba cha mguu, kwa kuwa jamaa zako wanakwambia kwamba mguu ni jambo dogo na wewe umeshayavuka makubwa. Umesema pia kwamba umeomba ruhusa ya wiki mbili kazini. Nimeshindwa kupita bila kujibu, kwa sababu maneno hayohayo niliambiwa mimi hapa Tanga, nikayaamini, na yakaniponza.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Makorora. Mwaka 2009 nilijifungua mtoto wangu wa mwisho kwa operesheni. Mwaka 2016 niliondolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe ulionitoa damu kwa zaidi ya mwaka mzima, na safari hiyo nilichanwa kwa wima, kuanzia chini ya kitovu hadi juu ya kinena. Mwaka 2022 nikafanyiwa mguu wa kulia, kwa tatizo lako hilohilo: kidole gumba kimewalalia wenzake na mfupa wa ubavuni umetokeza nje hata kiatu hakiingii. Daktari alikata mfupa ulio nyuma ya kidole, akausogeza mahali pake, akaukaza kwa skrubu mbili. Mguu ulifungwa plasta ya upande mmoja, na nyuzi zilipotolewa baada ya wiki mbili ukafungwa plasta nzima, au hogo kama wengi tunavyoliita.

Maumivu ya tumbo ni makali tangu mwanzo, wala sitaki kukuficha jambo ambalo wewe mwenyewe unalijua. Baada ya ile ya kizazi nilihisi kama nimefungwa kamba kiunoni na kuna mtu anaivuta kila ninapovuta pumzi. Tumbo halina mapumziko: ukikohoa limo, ukicheka limo, ukigeuka ubavu limo, hata ukimwita mtu kwa sauti. Bibi mmoja wa Pangani aliyelazwa kitanda cha jirani ndiye aliyenifundisha kuikunja kanga mara nne, kuiweka juu ya kidonda na kuikandamiza kwa mikono miwili kabla ya kukohoa. Alinifundisha pia nisijaribu kuinuka nikiwa chali, bali nigeuke ubavu kwanza, niteremshe miguu, kisha nijiinue kwa nguvu ya mkono. Siku ya pili nilitolewa mpira wa mkojo nikasimamishwa, nami nikalia, lakini muuguzi alinieleza kwa upole kwamba kutembea mapema ndiko kunakoamsha utumbo na kuzuia damu isigande miguuni. Kila asubuhi swali lake lilikuwa lilelile: “Mama, umeshatoa upepo?” Siku ya tatu nilijibu ndiyo, nikaletewa uji.

Hata hivyo, maumivu hayo yalikuwa yakiondoka. Kila siku iliyokucha ilikuwa na nafuu kuliko ya jana yake, na zile siku mbaya kabisa, za kwanza hadi ya tatu, nilikuwa wodini ambako sindano ya kutuliza maumivu ilikuja kwa saa zake na mtu wa kuniangalia alikuwapo. Wiki ya pili nilikuwa naoga na kwenda chooni peke yangu. Wiki ya saba nilirudi kwenye cherehani. Katazo kubwa lililobaki lilikuwa la kubeba vitu vizito, hasa ndoo ya maji, kwa sababu ngozi huonekana imepona ilhali tabaka la ndani lililoshonwa bado linajiunga, na ukililazimisha unaweza kujikuta na ngiri palepale penye kovu.

Sasa mguu. Nilipasuliwa asubuhi na jioni nikaruhusiwa kurudi nyumbani kwa bajaji, nimepewa vidonge kwenye bahasha na tarehe ya kurudi. Nilikuwa nimechomwa ganzi ya mgongoni na nyingine kuzunguka kifundo cha mguu, kwa hiyo nilifika nyumbani nikiwa sisikii kitu, nikala, nikazungumza na wageni, nikasema moyoni kwamba kweli waliosema ni jambo dogo walisema kweli. Vidonge sikuvigusa, maana sikuwa na maumivu. Hospitali ile, ambayo sina haja ya kuitaja, hakuna aliyeniambia kwamba vidonge humezwa kabla ganzi haijaisha. Saa nane usiku ikaisha.

Maumivu yale hayakuenea kama ya tumbo. Yalikusanyika mahali padogo kuliko kiganja changu, yakawa yanadunda kwa mapigo ya moyo, na kila pigo lilikuja kabla sijamaliza kulipumua lililotangulia. Nilimeza vidonge, lakini dawa inayokuta maumivu yameshapanda huchelewa sana kuyashusha, na mpaka adhana ya alfajiri sikuwa nimefumba jicho. Kulipokucha nilitaka kuketi. Niliponyanyua mguu kutoka kwenye mito na kuuteremsha, kabla kisigino hakijakaribia sakafu, nilihisi damu ikiushukia kama maji yanayojazwa kwenye chupa nyembamba. Vidole vilivyochomoza kwenye bandeji viligeuka rangi ya zambarau iliyoiva, vikatuna, nami nikaurudisha mguu juu kwa mikono yote miwili. Kwa wiki tatu mambo yalikuwa hivyo kila nilipouteremsha. Akili yangu yote ilikuwa kuhesabu mara ngapi kwa siku nitalazimika kushuka kitandani.

Baadaye daktari aliyenitoa nyuzi alinieleza sababu, nami nikatamani ningeelezwa mapema. Mguu una mifupa 26 iliyobanana mahali padogo, una mishipa mingi ya fahamu, na hauna nyama ya kutosha kuupa uvimbe nafasi ya kutanuka, kwa hiyo uvimbe mdogo tu hubana kila kitu. Isitoshe, mguu uko chini kabisa ya mwili, na damu na majimaji hushuka kwa uzito wake na kukaa hapohapo, ndiyo maana unaambiwa uuweke juu kuliko moyo, si juu ya kigoda tu. Kisha kuna mfupa wenyewe uliokatwa. Kwenye tumbo huchanwa ngozi na nyama, ambazo hushikana upesi; mfupa huhitaji wiki sita hadi nane kuunga, na katika muda huo huna ruhusa ya kuujaribu. Baadhi ya madaktari humruhusu mgonjwa wa kidole gumba kukanyagia kisigino kwa kiatu maalumu tangu siku za mwanzo, jambo ambalo nakusihi umuulize wa kwako. Mimi niliambiwa nisikanyage kabisa kwa wiki sita.

Maneno “usikanyage kabisa” ni mepesi kuandikwa kwenye cheti. Nyumba tunayoishi ina choo cha kuchuchumaa, kiko uani, na ilikuwa masika. Mtu aliyepasuliwa tumbo huchuchumaa kwa shida, lakini ana miguu miwili. Mtu mwenye plasta hawezi kuchuchumaa kwa mguu mmoja, na ukuta wa choo hauna pa kushika. Siku ya kwanza mume wangu na binti yangu walinishika makwapa, nikaona aibu ambayo hata wodini sikuwahi kuiona. Siku ya pili fundi seremala wa mtaani alikata tundu katikati ya kiti cha plastiki, akakifungia mbao miguuni kisiteleze, na kiti hicho, nasema kwa moyo wangu wote, kilinifaa kuliko kidonge chochote. Ukitoka kusoma jibu hili, kabla ya jambo jingine lolote, kaangalie choo chako. Angalia pia ngazi, sakafu ya bafu, na nani atakayekuletea chakula, kwa sababu mikono yote miwili itakuwa imeshika magongo na hutaweza kubeba hata kikombe cha chai. Jifunze magongo kabla ya operesheni. Mimi nilijifunza baada yake, na kwapa zikachubuka kwa kuwa niliyaegemea badala ya kujibeba kwa viganja.

Jambo la msaada wa ndugu nalo ni tofauti, na liliniuma. Nilipotoka kupasuliwa tumbo nyumba ilijaa watu. Mwaka 2009 mama mkwe alihamia kwetu, akaniletea uji wa pilipili manga, akataka kunikanda kwa maji ya moto na kunifunga mkaja, na mkunga alipomweleza kwamba kidonda cha operesheni hakikandwi alikubali, akawa ananikanda mgongo na miguu tu. Kwa mguu watu walikuja kunipa pole siku mbili, wakaniona nimeketi, nakula na kuongea, wakaondoka wakijua nimepona. Ilinibidi niwaombe warudi. Wewe waombe mapema, na uwaambie ni wiki sita, si siku sita.

Haya yote hayana maana kwamba mguu una hatari kuliko tumbo. Operesheni kubwa ya tumbo ina hatari ya kutoka damu nyingi ndani, ya usaha tumboni, ya utumbo kuchelewa kuamka, na siku zake za mwanzo mtu hustahili kuangaliwa kwa jicho la karibu. Ninachokuambia ni kwamba ukubwa wa hatari na urefu wa mateso ni vitu viwili mbalimbali, na aliyepima kimoja kwa kingine atakupa hesabu isiyo sahihi. Na mguu pia una hatari zake. Kwa kuwa hutembei, damu inaweza kuganda: ukiona shavu la mguu limevimba, lina joto na linauma, au ukipata ghafla maumivu ya kifua na pumzi kukatika, nenda hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo, vidole vikiwa vya baridi na kubadilika rangi hata ukiwa umeuinua mguu, au maumivu chini ya plasta yakizidi licha ya dawa, usisubiri tarehe ya kliniki. Kama una kisukari, mwambie daktari kabla ya lolote, kwa kuwa kidonda na mfupa huchelewa kupona. Na kama una vidonda vya tumbo, sema hivyo kabla hujaandikiwa diklofenaki, ile dawa ya kutuliza maumivu.

Kuhusu kazi, ruhusa yako ya wiki mbili itaishia siku ya kutoa nyuzi. Kwangu plasta ilitolewa wiki ya sita, mguu ukatoka mwembamba, ngozi imekauka na kifundo kimekakamaa. Nilianza kukanyaga taratibu huku nikishika meza, na kila jioni uvimbe ulirudi. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu wa kulia ndio unaobeba pedali, kwa hiyo nilirejea kazini baada ya miezi mitatu na nusu, nusu siku kwanza, kigoda kikiwa pembeni cha kuuinua mguu kila nilipomaliza vazi moja. Uvimbe wenyewe ulimalizika karibu na mwaka. Wewe umesema unasimama darasani kutwa. Omba miezi mitatu, na kama mwajiri ataona ni mingi, mpelekee cheti cha daktari.

Umeuliza mwisho kama kidole hurudi kuwa kidole. Kwa miezi minne nilisali nikiwa nimeketi kwenye kiti, kwa sababu hata plasta ilipotoka, kidole gumba cha kulia hakikukubali kukunjwa kwenye tahiyatu, kile kikao cha ndani ya sala. Daktari alinipa zoezi la kukishika kwa vidole vya mkono na kukipandisha na kukishusha polepole, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, nami nililifanya hata siku nilizokata tamaa. Mwezi wa tano tangu operesheni, kwenye sala ya adhuhuri, nilishuka chini kwenye mkeka, nikakaa, nikakikunja kikakunjika, kikiwa kigumu na kinavuta kidogo, lakini kimenyooka.