Kulala Berlin-Ichthyosaur: mji uliohamwa, pamoja na majitu ya bahari

Ndugu zangu mlioko Nevada na kaskazini mwa California, mara nyingi mnaniuliza pa kupeleka watoto likizo ikifika, mahali pasipo na foleni wala kelele za hoteli. Jibu langu halijabadilika: Berlin-Ichthyosaur, hifadhi ya jimbo iliyo kwenye milima ya Shoshone, katikati ya Nevada. Kutoka Reno ni mwendo wa saa tatu hivi. Pale utakuta mji wa wachimba dhahabu uliohamwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na juu yake kidogo, mifupa ya wanyama wa baharini walioishi enzi ambazo jangwa lile lilikuwa bahari.

Nianze na safari, maana ndipo wengi wanapoumia. Unapita Fallon kwa barabara namba 50, ile Wamarekani wanayoiita ya upweke kuliko zote nchini mwao, halafu unakata kusini kwa namba 361. Ukikaribia Gabbs unashika 844 kwenda mashariki. Jaza tangi Fallon, na vyakula vyote nunua huko huko. Gabbs iko yapata kilomita 37 kutoka hifadhini, lakini ni kijiji kidogo. Usiweke matumaini yako kwenye duka wala kituo cha mafuta cha mbele. Kipande cha mwisho ni changarawe. Gari dogo hupita pakiwa pakavu, ila hakikisha gurudumu la akiba lina upepo na jeki inafanya kazi. Simu nayo haishiki, kwa hiyo pakua ramani ukiwa nyumbani, na mwachie mtu ratiba yako pamoja na siku unayotarajia kurudi.

Maji. Kambini yapo mabomba, lakini hufungwa majira ya baridi yasije yakaganda na kupasuka, na hata kiangazi mimi sitoki nyumbani bila maji yangu. Hesabu yangu ni lita nne kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia tu. Kuosha vyombo na kunawa nahesabu kando. Hewa ya pale ni kavu mno; mtoto anaweza kupungukiwa na maji mwilini bila hata kutoka jasho la kuonekana, kwa hiyo mnyweshe kabla hajaomba.

Watu wakisikia jangwa hufikiria joto peke yake. Kambi iko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, katikati ya misonobari mifupi na mireteni, na jua likizama baridi hushuka ghafla. Aliyekulia Njombe au Makete atanielewa. Beba sweta, kofia ya sufu na begi zito la kulalia hata kama ni Julai. Hema usilipige kwenye mkondo mkavu hata kama mchanga wake ni laini na unakuvutia: mvua ikinyesha mlimani, maji hufika bila kubisha hodi. Beba jiko la gesi pia, kwa sababu kiangazi moto wa kuni hupigwa marufuku mara kwa mara, na familia yenye njaa haiwezi kubishana na amri hiyo.

Mji wenyewe, Berlin, ulianzishwa 1897. Ulipofika kileleni ulikuwa na watu 250 hivi, na kufikia 1911 karibu wote walikuwa wameondoka. Jengo kubwa lililobaki ni kinu cha kupondea mawe, chenye nyundo 30 za chuma zilizoendeshwa kwa mvuke. Unga wa mawe ulipitishwa kwenye zebaki ili ikamate dhahabu. Wachimbaji wa Geita au Chunya wangeitambua kazi ile mara moja, kuanzia karasha hadi zebaki. Nyumba za mbao zinazibwa paa na kutiwa nguzo zisianguke, lakini hazipakwi rangi wala kufanywa mpya. Napenda sana uamuzi huo. Waambie watoto mapema kwamba hata msumari wenye kutu hauokotwi.

Sasa mifupa. Mwaka 1928 Siemon Muller wa Chuo Kikuu cha Stanford aliitambua katika korongo la Union, na kuanzia 1954 Charles Camp wa Chuo Kikuu cha California akaongoza ufukuaji. Hawa si dinosaria. Ni Shonisaurus, aina ya ichthyosaur, yaani reptilia wa baharini mwenye umbo la samaki, aliyefikia urefu wa mita 15 hivi, akizaa watoto hai, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Imepatikana mabaki ya wanyama karibu 40. Kwa nini wengi hivyo mahali pamoja? Camp aliona kwamba walikwama ufukweni kama nyangumi. Utafiti uliotolewa 2022 ulikuta wanyama waliokomaa pamoja na vichanga na vijusi, bila wale wa umri wa kati, na watafiti wakaona kwamba huenda walikuja pale kuzaa.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba sehemu ya mifupa hiyo imeachwa kwenye mwamba wake, ikajengewa banda juu. Unasimama na kuona mbavu na pingili za mgongo zilivyolala. Sisi wa Tanzania tuna Tendaguru, kilima cha mifupa ya dinosaria mkoani Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walifukua mifupa pale, huku mamia ya wafanyakazi wetu wakitoa jasho, Boheti bin Amrani akiwa msimamizi wao, na wapagazi wakabeba mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Leo jitu la Tendaguru, lenye kimo cha zaidi ya mita 13, limesimama katika jumba la makumbusho la Berlin, ile ya Ujerumani. Wanangu niliwasimulia habari hiyo tukiwa ndani ya banda la Nevada, nikawaambia wazi kwamba nataka siku moja na Tendaguru kuwe na paa kama lile, mtoto wa Lindi aone mali ya ardhi yake bila kuomba viza. Wasimulieni wenu pia.

Banda hilo huingiwa kwa ziara za kuongozwa, na ratiba hubadilika kulingana na majira, hivyo uliza ofisi ya hifadhi kabla hujapanga likizo. Ukikuta limefungwa, yapo madirisha ya kuchungulia. Panga kulala usiku zaidi ya mmoja. Ukiweza kuchagua, chukua ziara ya asubuhi, watoto wakiwa bado na nguvu za kuuliza maswali, na mji uutembelee alasiri jua likipungua ukali.