Ruzuku za elimu na vijana Pemba: zinapofanya kazi na zinapokwama (jibu refu)

Assalaam alaykum wadau.

Kuna kijana wa Micheweni ameuliza swali zuri, akajibiwa kwa mistari miwili ya "tafuta mfadhili". Swali lake kwa ufupi: wana jumuiya changa ya shehia (ngazi ya chini ya utawala huku Zanzibar), wanataka kuendesha masomo ya ziada na kuwasaidia vijana waliomaliza skuli wakabaki barazani. Hizi ruzuku zinapatikana vipi, na kwa nini nyingi zinaisha bila kuonekana zilichofanya? Mimi nimekuwa mshika fedha wa jumuiya ya namna hiyo upande wa Wete kwa miaka, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Mwenye haraka apite tu.

Mdogo wangu, kwanza ruzuku haianzishi jambo. Inakuta jambo linakwenda, inalisukuma. Miradi niliyoiona ikidumu ilikuwa na watu walioanza kabla mfadhili hajajua jina la shehia: mwalimu anayefundisha hisabati jioni bila malipo, akina mama wanaopikia wanafunzi walioko kambi ya masomo, fundi redio anayewafundisha wenzake kibarazani kwake. Ile iliyoanza siku pesa ilipoingia benki, pesa ilipokwisha nayo ikafa. Kwa hiyo unapoandika andiko la mradi, usitangulize mtakachofanya mkipewa. Tangulizeni mnachofanya sasa hivi, na mahali kilipokwama.

Watu watakwambia elimu Zanzibar ni bure tangu Septemba 23, 1964, ruzuku za nini tena? Ni kweli ada ilifutwa, na wazee wetu waliosomea enzi za kulipa wanaijua thamani yake. Lakini muulize mama mwenye watoto wanne mwezi wa Januari unamgharimu nini: sare, viatu, madaftari, nauli ya yule anayesoma skuli ya mbali. Upande wa juu kuna Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa 2011, nayo ni ya waliofika chuo kikuu. Tundu liko katikati, kuanzia kidato cha tatu mpaka cha sita, na kwa yule aliyeanguka mtihani anayetaka kujifunza fani. Huyo wa katikati ndiye sadaka zetu zinamruka, maana mtoto wa maandalizi (chekechea) picha yake inapendeza zaidi. Mkimshika huyo, hamtagombana na mtu.

Chukua kambi ya kidato cha nne, wengi mnaijua. Miezi ya mwisho kabla ya mtihani wa Novemba wanafunzi wanahamia skuli, madawati yanasogezwa ukutani, magodoro yanatandikwa, usiku wanasoma. Wasichana ndio wanaofaidi zaidi, kwani nyumbani jioni ina maji ya kuteka, wadogo wa kuogesha, na umeme wa tukuza, ule wa kulipia kabla, unaokwisha kabla kitabu hakijafunguliwa. Kambi yetu wazazi walikuwa wakiiendesha kwa mchele, mihogo na nazi kabla ya ruzuku yoyote. Kilichokuwa kikiikwamisha kila mwaka ni vitu vidogo tu: tangi la maji, vyandarua, taa ya sola ya njia ya chooni, na nauli ya walimu wa sayansi wanaotoka mbali. Tukaomba hivyo na si zaidi.

Chakula mfadhili alikataa kulipia, mkataba wake haukuruhusu. Wengine walinuna. Mimi nakwambia ilikuwa kheri. Chakula kilibaki cha wazazi, na mzazi aliyeleta mchele wake haoni haya kuja kuuliza, "Mwanangu anasoma au analala?" Ruzuku ilipokwisha tangi lilikuwepo, taa ilikuwepo, na mchele uliendelea kuja.

Sasa bajeti ilitaka mchango wa jamii uandikwe kwa shilingi. Basi Ijumaa baada ya sala nakaa na daftari kubwa na mizani ya kuazima dukani: mihogo kilo kadhaa, nazi kadhaa, kuni mzigo, na mbele ya kila kitu bei ya soko la Wete ya wiki ile. Mzee mmoja alikasirika. Alisema nazi ya sadaka haipigwi bei. Tukapatana: zake naziandika "nazi za mzee", bila jina, na bei naijaza akishaondoka. Awamu ya ruzuku ilipofungwa, jumla ya daftari lile ilizidi pesa ya mfadhili, na mkaguzi alipokuja ndilo alilolisoma ukurasa kwa ukurasa. Wekeni daftari kama hilo hata kabla hamjaomba chochote. Andiko lenye daftari nyuma yake linasomeka tofauti.

Risiti ni balaa jengine. Mwenye gari ya ng'ombe aliyewaletea mchanga hana mashine ya risiti wala hataki kuisikia. Tumieni hati ya malipo: tarehe, kazi, kiasi, jina, saini au dole gumba, na shahidi wa shehia. Ila mfadhili aulizwe mapema kama anaikubali, na jibu lake liingie kwenye mkataba. Naijua jumuiya iliyorudisha pesa zilizotumika kihalali kabisa, kwa sababu tu makubaliano hayo yalifanywa kwa simu.

Nije kwenye pesa za hapa hapa nyumbani, ambazo kwenye uzi huu naona hakuna aliyezitaja. Kila mtu anatazama wafadhili wakubwa, na huku mtu wetu wa Muscat au London anatuma pesa kila Ramadhani kwa ajili ya "watoto wa skuli". Pesa hizo ni nyingi kuliko tunavyodhani, lakini zina masharti yake na wengi hawayaulizi. Muulize aliyetuma: hii ni zaka, ni sadaka, au ni wakfu? Zaka ina mafungu yake manane ya watu, yametajwa katika Surat Tawba aya ya 60. Mtoto wa fukara umnunulie sare na viatu, hapo hakuna ugomvi. Ukitaka kuezeka darasa kwa pesa ya zaka, masheikh wengi watakuzuia, na wanaoruhusu kupitia fungu la fi sabilillahi (katika njia ya Mwenyezi Mungu) nao wana hoja zao. Sadaka ya kawaida haibani hivyo. Wakfu nao ni mali inayobaki huku pato lake likitumika: duka, nyumba, shamba la mikarafuu. Vyuo vyetu vingi vya Kurani vilikula kwa njia hiyo kabla neno mradi halijafika Pemba. Ukiwa na mtu mwenye nia ya kuweka wakfu kwa ajili ya elimu, mpelekeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, jambo liandikwe, wasije warithi wakavutana baadaye. Mshika fedha anayechanganya pesa hizi tatu kwenye mfuko mmoja anajitafutia maswali ya dunia na akhera.

Na hapa niseme jambo linaloniuma. Taasisi moja, siitaji, iliwahi kuleta sare na mabegi skulini kwetu. Watoto wakapangwa mstari uani, kila mmoja na begi kifuani, kamera mbele, bango nyuma, mgeni rasmi kati. Picha zikasambaa kwenye simu jioni ile ile. Kilichofuata ni kwamba mwaka wa pili tulipopita kuandika majina ya wenye shida, nyumba ambazo tunajua hazina kitu zilituambia "sisi tunajimudu, alhamdulillah". Msichana mmoja wa kidato cha tatu, mwenye begi la mwaka uliotangulia, alikuwa amelikwangua maandishi ya mfadhili kwa wembe mpaka kitambaa kikatoboka.

Tukabadilisha utaratibu. Tulimpa fundi cherehani wa shehia orodha na pesa, mtoto anakwenda kupimwa kama mteja mwengine yeyote, anarudi baada ya siku chache kuchukua nguo yake. Orodha wanaijua watu watatu: mwalimu mkuu, sheha (kiongozi wa shehia) na mshika fedha. Mfadhili anapata idadi, hati za malipo za fundi, na barua ya skuli. Wapo waliotuacha kwa sababu wanataka nyuso. Waliobaki wanatosha, na pesa ya kushona ilibaki kwa fundi wetu badala ya kwenda kununua sare za dukani mjini. Mfadhili akiwaletea sharti la picha za watoto, jadilianeni naye kabla ya kusaini. Apigwe picha tangi.

Kuhusu vijana waliomaliza skuli, nitakuwa mkali kidogo. Nusu ya pesa inayoitwa ya vijana inaishia kwenye semina. Ukumbi, fulana, soda, bagia, posho, picha ya pamoja, kwaheri. Kijana anaondoka na cheti cha ujasiriamali na nauli ya kurudia Konde. Huku vituo vya Mafunzo ya Amali viko Vitongoji na Daya Mtambwe, vinafundisha fani. Tatizo la mhitimu wa fani si elimu tena, ni vifaa. Aliyesomea ushoni bila cherehani, aliyesomea uchomaji wa vyuma bila mashine, baada ya mwaka mkono umesahau. Ombeni ruzuku ya vifaa kwa vikundi vya watu watatu watatu wenye fani moja, vifaa vibaki mali ya jumuiya kwa muda mtakaokubaliana, wakiwa wanalipa kidogo kidogo kwenye mfuko wa kuwanunulia wanaofuata. Watatu kwa sababu mmoja akisafiri kwenda Unguja, na atasafiri, wawili wanabaki na kazi haifungwi.

Tazameni pia Programu ya Madrasa ya Awali ya Aga Khan, ya skuli za watoto wadogo. Ilianzia Mombasa miaka ya 1980, ikafika Zanzibar 1990. Jamii ilitoa jengo na mabinti wa hapo hapo kuwa walimu, programu ikawafundisha na kuwafuatilia, vifaa vya kuchezea vikawa vifuu, kombe na mbegu. Kwa baadhi ya skuli hizo ukawekwa mfuko wa akiba: jamii inachanga, programu inaongezea, pesa inawekezwa na gawio linasaidia gharama. Wazo hilo la mwisho ndilo ningetaka jumuiya zetu zilichukue, hata kwa kiasi kidogo.

Wapi pa kuomba? Hapa sitarefusha. Hakikisheni mmesajiliwa Zanzibar. Wengi wanapakua miongozo ya Bara mtandaoni wakababaika, na Sheria ya NGO ya 2002 ni ya Bara. Huku kwa miaka mingi jumuiya zilisajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya Namba 6 ya 1995, na ofisi ya Mrajis (msajili) itakwambieni sheria na kanuni za sasa na ada zake. Kwa Pemba jiungeni na PACSO, mwavuli wa asasi za kiraia kisiwani, kwani matangazo mengi na mafunzo hupita huko. Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam hutoa ruzuku kwa asasi za Bara na Visiwani. Milele Zanzibar Foundation inafanya kazi za elimu Unguja na Pemba. Na msidharau wafanyabiashara wa Wete na Chake. Mtu anayekujua hahitaji andiko la kurasa ishirini, anahitaji kuona daftari. Hoteli sikuwekei kwenye orodha. Misaada ya wageni inafuata ufukwe wa Nungwi na Paje kule Unguja, na Pemba watalii ni wachache.

Kalenda sasa, maana ndiyo iliyoua miradi mingi kuliko wizi. Mfadhili ana mwaka wake wa fedha, na sisi tuna wetu. Msimu wa karafuu ukikolea, watoto wako mashambani wanaokota mpeta (karafuu zilizodondoka chini) na wakubwa wako juu ya mikarafuu. Darasa lako la ziada litakuwa tupu, na ripoti itasema mahudhurio yameshuka. Ramadhani nayo ina saa zake. Na kila siku mchana watoto wako chuo cha Kurani. Ukipanga masomo ya ziada saa tisa alasiri bila kumwambia maalim wa chuo hicho, umeanzisha ugomvi ambao pesa haiumalizi. Kaeni na maalim kabla ya kukaa na mfadhili. Sisi tulikubaliana baada ya Magharibi kwa wavulana, na Jumamosi asubuhi kwa wasichana, na maalim mwenyewe akawa anawakumbusha. Kambi ya Novemba iombewe pesa mwanzo wa mwaka, kwani ikiidhinishwa Septemba itafika mitihani imekwisha, na utaanza kutafuta cha kufanya ili pesa isirudi. Hapo ndipo semina zinapozaliwa.

Ombi lenu la kwanza liwe dogo. Kitu kimoja mnachoweza kukinunua, kukionesha na kukiandikia ripoti ndani ya miezi michache. Saini benki ziwe za watu watatu wasiokuwa ndugu, na mmoja awe mwanamke. Sisemi kwa kuwapendeza wafadhili, ila kwetu hundi zilizopita kwa mwanamke ndizo zilizoulizwa maswali kabla ya kusainiwa.

Ukipenda weka rasimu ya bajeti yenu hapa hapa, ila futa majina ya watoto na nambari ya akaunti. Mimi nitaangalia upande wa hesabu. Upande wa zaka humu wamo masheikh, watasema wao.