Muulize Shangazi: Mwaka aliopigwa risasi J.R.

Toleo lililopita niliropoka kwamba ningeruhusiwa kurudia mwaka mmoja tu wa kukaa mbele ya runinga, ningechagua 1980. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimejaa kikapu, na mhariri ameniambia nizijibu mwenyewe kwa kuwa mdomo ni wangu.

Kwa msionijua: mwaka 1979 nilimfuata mume wangu El Paso, Texas, mji uliobanana na mpaka wa Mexico, alikokuwa akisomea mambo ya migodi. Nilikwenda na mtoto wa miezi saba, Kiingereza cha kuombea maji, na huko tukanunua runinga isiyo ya rangi kwa dola 15 kutoka kwa mwanafunzi aliyekuwa anahama. Antena yake tuliivika karatasi ya fedha ya kufungia chakula. Tanzania Bara tulikotoka hapakuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Wenzetu wa Zanzibar ndio waliokuwa nacho, tena cha rangi, na walikuwa hawaachi kutukumbusha. Kwa hiyo msinihesabu kama mtazamaji wa kawaida. Nilikuwa mlafi.

Shikamoo Shangazi. Baba yangu akiulizwa swali asilotaka kulijibu husema, "Kwani J.R. alipigwa na nani?" Huyo J.R. ni nani? – Kijana wa Morogoro

Marahaba mwanangu. Baba yako amekula chumvi.

J.R. Ewing alikuwa tajiri wa mafuta katika tamthilia ya Dallas, kituo cha CBS. Aliigizwa na Larry Hagman, mwenye kofia pana na tabasamu la fisi aliyeona mfupa. Alimdhulumu mdogo wake, akamtesa mkewe Sue Ellen, akawauzia marafiki visima vilivyokuwa karibu kutaifishwa. Ijumaa ya tarehe 21 Machi 1980, J.R. yuko ofisini peke yake usiku, anasikia kitu, anatoka kutazama, risasi mbili zinalia, anaanguka. Basi. Majina yakaanza kupanda.

Nilidhani runinga yetu imeharibika. Nikaipiga kofi. Nikatoka nje kumuuliza jirani yangu wa Kimexico kama yake imeonyesha zaidi. Yeye alikuwa na ya rangi, ila kazi yake ilikuwa kutazama tamthilia za Kihispania zilizorushwa kutoka Juárez, ng'ambo ya mto. Usiku ule hata yeye alikuwa ameiacha Juárez yake. Tukabaki tumesimama kwenye ngazi, mimi na Kiingereza changu kibovu, yeye na chake, tukihesabu wenye sababu ya kumuua yule bwana. Vidole vilituishia.

La kuchekesha ni kwamba risasi ile haikuwemo kwenye mpango. Waandishi walikuwa wamekwisha kuufunga msimu, CBS ikaona mchezo unalipa, ikaagiza vipindi vya ziada. Wakakuna vichwa mwisho upige kishindo gani, wakaamua kumpiga J.R. risasi. Nani kampiga, wangeamua baadaye!

Jibu lilikuja Ijumaa ya tarehe 21 Novemba, miezi minane kamili. Katikati hapo watu walivaa fulana zenye swali hilo, na Uingereza mawakala wa kamari walipokea dau. Waigizaji kadhaa walipigwa picha kila mmoja akimlenga J.R., ili hata mafundi wa kamera wasijue ipi ni ya kweli. Usiku wa jibu inakadiriwa Wamarekani milioni 83 walitazama. Katika kila runinga 100 zilizokuwa zimewashwa saa ile, 76 zilikuwa Dallas. Wiki mbili na ushei kabla walikuwa wamepiga kura ya urais, na waliopiga hawakuzidi milioni 87.

Aliyempiga ni Kristin, mdogo wake Sue Ellen, aliyeigizwa na Mary Crosby. Yaani shemeji! Shemeji aliyekuwa akitembea naye kwa siri, tena mjamzito. Mtu wa Tanga angekuwa amelijua hilo tangu Machi. Nilimwambia jirani yangu tuna msemo, kikulacho ki nguoni mwako, akataka nimwandikie. Alikibandika kile kikaratasi kwenye friji yake, na sijui wageni wake walidhani ni nini.

Kwa nini miezi minane? Msimu mpya si huanza Septemba? – Mama wa Nakuru

Umeuliza kama mtu wa kazi hiyo. Ndiyo, msimu wao huanza Septemba. Lakini tarehe 21 Julai waigizaji waligoma. Kaseti za video na runinga za kulipia zilikuwa zimeingia, na wao wakadai sehemu yao katika pesa hizo mpya. Studio zikanyamaza hadi Oktoba. Kwa hiyo mgomo ndio ulioturefushia kiu ya J.R. Hagman naye kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuivuta kamba yake mwenyewe: alijua nchi nzima inasubiri kusikia kama atapona, akasema bila nyongeza ya mshahara harudi. Wakampa. Wangefanyaje, mgonjwa ndiye mwenye funguo za hospitali.

Tuzo za runinga za Emmy, Septemba ile, zilikuwa kama harusi iliyosusiwa. Waigizaji waligomea sherehe, na kati ya walioteuliwa akatokea mmoja tu, Powers Boothe, aliyekuwa ameigiza kama Jim Jones, yule mhubiri wa Kimarekani aliyekufa na waumini wake kule Guyana. Akashinda. Akapanda jukwaani akisema wazi kwamba hajui kama alilofanya ni ushujaa au ni upumbavu. Mpaka leo na mimi sijui, ila nilimpenda kwa kusema.

Kitu kimoja kilituokoa mwezi ule: tamthilia ya Shogun, kwenye kituo cha NBC, usiku tano mfululizo kuanzia tarehe 15. Ilikuwa imepigwa Japani kabla ya mgomo, ikapata uwanja mtupu. Sehemu kubwa ya mazungumzo ilikuwa kwa Kijapani bila maandishi ya tafsiri chini. Wamarekani walilalamika hawaelewi. Mimi nilikaa nikistarehe. Kwa mara ya kwanza tulikuwa sawa.

Hapa Muscat CNN haizimwi mchana wala usiku. Uliishuhudia ikianza? – Msomaji, Oman

Sikuishuhudia. Ilikuja kwa kebo na sisi tulikuwa na karatasi ya fedha. Ilianza Jumapili tarehe 1 Juni 1980, saa kumi na moja jioni kwa saa za Atlanta, na siku hiyo nyumba zilizoweza kuipata nchi nzima hazikufika hata milioni 2. Watangazaji wa kwanza walikuwa mke na mume, Lois Hart na David Walker. Mwenye mali, Ted Turner, alichekwa sana. Waliiita kituo cha supu ya kuku na tambi. Habari saa 24? Nani atazitazama saa tisa usiku?

Mama anayenyonyesha, ndiye atakayezitazama. Wangeniuliza.

Turner alisema kituo chake hakitafunga hadi dunia iishe, na si maneno tu: aliagiza bendi ipigwe picha ikicheza wimbo wa dini wa kuagia, iwekwe tayari kwa siku hiyo. Sisi Waswahili huweka sanda sandukuni, sikuona ajabu. Ajabu kwangu ni kwamba vituo vingine enzi hizo vilifunga usiku, vikapiga wimbo wa taifa, kisha chengachenga. Na mtoto wangu alizipenda zile chenga kuliko kipindi chochote.

Shangazi, ni kweli mateka wa Marekani kule Iran ndio walioanzisha kipindi cha Nightline? – Mwanafunzi wa uandishi, Dar es Salaam

Ndiyo, ingawa hakuna aliyekaa akapanga hivyo. Ubalozi wa Tehran ulitekwa tarehe 4 Novemba 1979. Siku chache baadaye kituo cha ABC kikaanza taarifa maalumu kila usiku baada ya habari, jina lake likibeba hesabu: siku ya 50, siku ya 51. Machi 1980 ikafanywa kipindi cha kudumu chini ya Ted Koppel, ikashindana na Johnny Carson aliyekuwa akichekesha watu kwenye NBC saa hiyo hiyo. Mateka wale 52 walikaa siku 444. Mimi tarakimu za Kiingereza nilizijulia hapo, ndiyo maana hadi leo namba kubwa nazitamka kwa sauti ya msiba.

Na kwa kuwa unasomea habari, chukua na hili. Usiku wa uchaguzi, tarehe 4 Novemba 1980, NBC ilimtangaza Reagan mshindi saa mbili na robo usiku kwa saa za New York. Kwetu El Paso ilikuwa saa kumi na mbili na robo, giza ndilo kwanza limeingia. Hawakuwa wamehesabu kura zote, walitegemea kuwauliza watu wakitoka vituoni. Rais Carter akakubali kushindwa wakati California bado watu wamepanga foleni ya kupiga kura. Wengine waliondoka kwenye foleni, wakaenda zao kula. Malalamiko yalikuwa makubwa, na ni mjadala unaofaa kuletwa darasani kwenu.

Ulisema mwaka huo Waamerika weusi walipata kituo chao. Kilianzaje? – Mwalimu, Kigoma

Kwa saa mbili za Ijumaa usiku, basi. Ni BET, Januari 25, ya Robert Johnson wa Washington, aliyeanza na mkopo wa dola 15,000 na nusu milioni kutoka kwa mwekezaji wa kebo. Siku ya kwanza walionyesha filamu ya zamani iliyopigwa Kenya kwa Wamasai. Nilipokuja kulijua hilo, miaka mingi baadaye, nilicheka hadi machozi: mimi niko Texas natafuta sura inayofanana na yangu kwenye kioo, kumbe iko kwenye kebo nisiyoweza kuilipia.

Mume wangu anabisha kwamba mechi ya Olimpiki ya mpira wa magongo wa barafu ya Marekani na Urusi Wamarekani waliiona moja kwa moja. – Mke wa mbishi, Arusha

Amekosa. Ilichezwa Lake Placid, Februari 22, saa kumi na moja jioni, Marekani ikashinda 4–3. ABC iliirusha usiku saa mbili ikiwa imerekodiwa. Ile sauti ya mtangazaji Al Michaels akiuliza kama mnaamini miujiza, wengi waliisikia matokeo yakiwa yamekwisha kujulikana. Mwambie akulipe.

Mwaka huo huo Bayi na Nyambui walileta medali kutoka Moscow. Wewe uliyekuwa kwenye nchi ya runinga, bila shaka uliziona mbio zile. Zilikuwaje? – Mzee wa Babati

Mzee wangu, shikamoo. Barua yako niliiweka chini ya zote, si kwa kuidharau.

Marekani ilisusia michezo ile kwa sababu ya Urusi kuingia Afghanistan. Februari Rais Carter alimtuma Muhammad Ali kuzunguka Afrika kutushawishi tususie pia, na kituo chake cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere alikataa kumwona. Wanahabari wakamuuliza Ali: tuliposusia Montreal mwaka 1976 kwa ajili ya Afrika Kusini, nyinyi mlikuwa wapi? Ali hakuwa na jibu, na kwa Ali hilo si jambo dogo. Kenya wao walisusia. Tanzania tukaenda.

NBC ilikuwa imenunua haki za kuonyesha Moscow kwa dola milioni 87. Timu yao isipokwenda, hawakuwa na hamu. Bima ikawafidia sehemu kubwa, na michezo ikageuka picha za dakika chache kwenye taarifa ya habari.

Sasa fikiria nilipokuwa nimekaa. Suleiman Nyambui alikuwa mwanafunzi wa chuo cha mji ule ule, El Paso. Alfajiri nikianika nepi niliwaona wakimbiaji wa chuo wakipita, Watanzania na Wakenya pamoja, vumbi la jangwa likiwafuata. Walisalimia kwa Kiswahili. Kiangazi kile Wakenya walibaki bila Olimpiki. Nyambui akaenda Moscow.

Filbert Bayi alipata fedha mita 3,000 kuruka viunzi na maji, nyuma ya Malinowski wa Poland. Kesho yake, Agosti 1, Nyambui akapata fedha mita 5,000 nyuma ya Yifter wa Ethiopia, kwa tofauti ya karibu sehemu saba za kumi za sekunde. Mpaka leo Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki. Mimi siku zile mbili nilikaa mbele ya runinga nikibadilisha vituo, nikigeuza antena, mtoto mgongoni. Nilipata marudio ya vichekesho, tangazo la sabuni, mchezo wa kubahatisha bei za friji. Hata Juárez nilijaribu.

Matokeo niliyajua kwa barua ya kaka yangu kutoka Tanga, iliyofika karibu mwisho wa Agosti. Alikuwa amesikiliza Redio Tanzania barazani kwa jirani, akaandika kurasa tatu jinsi watu walivyoruka hadi benchi likavunjika. Chini kabisa, kwa kalamu nyingine, aliongeza mstari mmoja: "Nyinyi mna bahati, wenzetu mmeona kwa macho."