Barua ilisema mshahara, sisi tukasikia mengine

Wiki hii mmeuliza: ofisi ikivunja mipango ya nyumba yenu, nyinyi wawili mnabaki vipi? Nitajibu kwa kisa cha mashine ya kuchomelea vyuma.

Mume wangu ni fundi wa mageti na madirisha, kwenye karakana za Kariobangi Light Industries, Nairobi. Mimi ni muuguzi Uingereza, nina uraia wa huko pamoja na wa kwetu. Mwaka 2024 nilikuja Nairobi kujifungua, mama mkwe anikande, ninywe uji wa wimbi kama wenzangu, kisha turudi watatu. Tukatuma maombi ya viza yake. Kwa furaha, bwana akauza mashine na kuachia kibanda. Mtoto akiwa na miezi mitatu jibu likaja kwa barua pepe: amekataliwa.

Binti yetu, hata jino hajaota, ni raia wa Uingereza tangu alipozaliwa hapa hapa Nairobi, kwa kuwa mimi niliupata uraia ule kabla yake. Anayeamka kumbembeleza saa tisa za usiku ndiye hakupewa ruhusa.

Siku nne tulizungumza kwa nusu mdomo. Mimi nilidhani ananilaumu, yeye alidhani namwonea aibu. Majirani wa mtaa wetu wa Umoja nao: "Shemeji, bado uko? Tulijua umesharuka." Akaanza kupitia nyuma ya maduka ili asiulizwe. Aliyetukalisha ni mama mkwe. Kiingereza hajui, akasema, "Nisomeeni hiyo barua yote, nisikie." Kumbe hata sisi hatukuwa tumeisoma. Tuliona neno la kukataliwa, mengine tukajitungia.

Kumtafsiria ndiko kulikotufumbua macho. Hakuna mahali walipoitilia shaka ndoa yetu. Walisema mapato yangu hayafiki pauni 29,000 kwa mwaka, kiwango cha chini kwa anayemleta mwenzi wake, kilichopandishwa Aprili 2024 kutoka 18,600. Yanafika! Ila niliambatisha hati za mshahara za miezi ya likizo ya uzazi, na malipo ya likizo hiyo hushuka sana baada ya wiki 6 za kwanza. Kanuni zao zinamruhusu aliye kwenye likizo ya uzazi kuonyesha hati za miezi 6 ya kabla hajaianza. Wakala tuliyemlipa hapa mjini hakutuambia. Nami, mtu wa kuhesabu matone ya dawa kazini, sikuzisoma kanuni hizo mwenyewe.

Tulikuwa na siku 28 za kukata rufaa. Hatukukata, karatasi tulizokosea ni zetu, tukaona heri maombi mapya yenye hati zinazotakiwa. Ada ya pauni 1,846 ikapotea, ile ya huduma ya afya, pauni 3,105, ikarudishwa. Cheti cha kupimwa kifua kikuu, kinachotakiwa kwenye maombi, hutumika miezi 6 tu, kwa hivyo akapigwa picha ya kifua upya.

Lakini kabla ya kulipa ada ya pili tulikomboa mashine. Dada zangu waliniona nimerukwa na akili: pesa hazitoshi, nanunua vyuma? Aliyeuziwa alitaka shilingi elfu nane juu ya bei aliyonunulia, tukalipa. Sikutaka mume wangu asubiri viza akiwa kama mgeni kwenye kochi lake mwenyewe. Wiki aliyorudi Kariobangi aliacha kupita nyuma ya maduka. Mnaosubiri viza, msiuze hata sufuria kabla pasipoti haijarudi mkononi.

Likizo yangu inaisha mwezi ujao na jibu la pili halijaja. Tumekubaliana mtoto abaki na baba yake na nyanya yake mpaka lije. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko barua yoyote. Nimeanza kumzoesha kikombe. Jana aliutema uji wote kwenye shati la baba yake, lile la kazi, lenye matundu ya cheche.