Kujitoa kwenye grupu la ukoo: je, ni kukata udugu?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Unguja. Miezi minne sasa nimeifuta Facebook na WhatsApp kwenye simu yangu, na grupu la ukoo wetu, lenye watu mia na kitu, nikatoka. Yalikuwa yameingia maneno: huyu kamsema yule, yule kajibu kwa sauti, usiku kucha simu inalia. Tangu hapo watu nawafuata kwa miguu yangu. Alkhamisi nakaa na shoga yangu niliyesoma naye chuoni, tunasuka ukili. Jumamosi napanda daladala kwenda kuwatazama wazee. Lakini mama mkubwa amehamaki, anasema nimekata udugu. Na kuna sauti ya ustadhi mmoja inazungushwa, anasema anayetoka grupu la ukoo ni mkataji udugu, na mkataji haingii Peponi. Sheikh, silali. Nina dhambi? Nirudi?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Sauti hiyo na mimi nimeletewa, mara tatu ndani ya wiki moja, na kila aliyenitumia kaandika chini yake "sikiliza mpaka mwisho". Nimesikiliza mpaka mwisho. Kama ingekuwa ni porojo za barazani ningeipita, lakini imekutia hofu ya Moto mtu ambaye kila Jumamosi uko njiani kwenda kwa wazee wako, na hilo halinyamaziwi.

Hukumu kwanza, upate kulala: kutoka kwenye grupu si dhambi, na kurudi si wajibu.

Uzito wa kukata udugu hatubishani. "Hataingia Peponi mkataji" imo katika Bukhari na Muslim na kila aliyepita chuoni anaijua. Tunachobishana na ustadhi ni udugu wenyewe unakatwa kwa kitu gani.

Yeye ameshika Hadith isemayo "Bulluu arhaamakum walau bis-salaam", akaifasiri: ungeni udugu wenu kwa salamu. Basi, anasema, grupu ndipo mahali pa salamu, anayetoka amekataa salamu. Isnadi zake, yaani minyororo ya wapokezi wake, zina maneno, na wako wanavyuoni walioipa daraja ya hasan, yaani njema ya kukubalika, kwa kuzikusanya njia zake, kwa hiyo simpingi kuitumia. Nampinga kulimeza neno. Mtume (s.a.w.) hakusema "kwa salamu", amesema "walau kwa salamu". Na "bulluu" ni rowesheni, kama unavyoirowesha ngozi iliyokauka isije ikapasuka. Walau ni ya mtu aliyeshindwa na yote. Al-Qadhi Iyadh, kama alivyonukuliwa na Imam Nawawi katika ufafanuzi wake wa Sahih Muslim, anasema kuunga udugu kuna daraja, moja juu ya nyingine, na ya chini kabisa ni kuacha kususiana na kusema na jamaa, ijapokuwa kwa salamu. Sasa ustadhi kaichukua ngazi ya chini akaifanya ndiyo nyumba nzima. Anayeteremka kituoni na kipochi cha mchele kwa bibi yake kaambiwa mkataji, na aliyejinyoosha kitandani akasukuma picha ya ua yenye "Ijumaa Mubaraka", naye kaletewa na mwingine, huyo ndiye aliyeunga! Hesabu gani hii?

Kisha akaongeza la kushangaza zaidi. Akaleta Hadith ya Muslim kuhusu mwenye kutoka katika utii akafarikiana na jamaa, kisha akafa, kuwa amekufa kifo cha kijahilia. Subhanallah. Hadith hiyo inazungumzia umma na kiongozi wake, mtu kuasi na kupasua umoja wa Waislamu. Ukoo wenu si dola, na admini si imamu. Kesho atatuambia aliyeishiwa na bando amevunja kiapo cha utii.

Hoja yake ya tatu ina chembe ya elimu, nayo ni kwamba salamu iliyoandikwa hujibiwa. Kweli, Nawawi ameitaja katika kitabu chake Al-Adhkar, kuwa ikikufika salamu katika barua ni wajibu kuijibu. Lakini hiyo ni kwa aliyefikiwa. Na salamu ikitolewa kwa kundi, akijibu mmoja imewatosha wote. Hapajapata kusemwa kwamba Muislamu ni lazima akae mahali ambapo salamu zinapita ili zimfike.

Ama hayo maneno yaliyokuwamo, ya kusemana na kujibizana, Mola amewasifu waumini katika Suratul Qasas aya ya 55 kwamba wanaposikia upuuzi hujitenga nao. Ukiweza kukataza, kataza. Ukishindwa, kutoka kwako ni salama ya dini yako. Tena kwa mtu anayejijua kuwa akiwamo atasengenya, mimi namwambia atoke leo.

Wala usinielewe kuwa naiharamisha simu. Mimi mwenyewe nimo kwenye magrupu, na mojawapo limeniaibisha. Mwaka jana alifiwa jirani yetu. Taarifa ikaja asubuhi, nikaandika "Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun", nikaendelea na shughuli zangu na moyo umetulia kama mtu aliyelipa deni. Baada ya siku chache nikakutana na mtoto wa marehemu kwenye birika la udhu. Akanishukuru. "Nimeona ujumbe wako sheikh." Nikamuuliza maziko yalikuwaje. Akasema, huku anakunja mikono ya kanzu, kuwa msikitini safu ya pili haikujaa. Usiku nilifungua simu nikahesabu: watu 63 tuliandika Innaa lillaahi. Sitini na tatu! Na Mtume (s.a.w.) amemuahidi mwenye kuhudhuria jeneza mpaka likasaliwa qirati moja, nayo ni kipimo cha thawabu, na mpaka likazikwa qirati mbili. Katika sisi 63, aliyekwenda kuichukua ni nani?

Tazama haki za Muislamu kwa mwenzake katika Hadith ya Abu Huraira: kurudisha salamu, kumzuru mgonjwa, kufuata jeneza, kuitikia mwaliko, kumuombea aliyepiga chafya. Salamu unaweza kuipeleka kwa mjumbe. Bibi Aisha alifikishiwa salamu za Jibrili naye akazirudisha. Zilizobaki zinataka mwili wako uwepo. Kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimhudumia Mtume alipougua, Mtume alikwenda akakaa upande wa kichwa chake. Hakumpelekea mtu.

Sasa nikuambie wewe, mwanangu, maana hukumu imekwisha na bado nina neno.

Uliwaaga? Sikuona katika barua yako. Mtu akiinuka barazani bila kusema kitu, waliobaki watasema kanuna, hata kama alikwenda kusali. Kama ulitoka kwa hasira na kuna mtu humo hamsemezani naye, hiyo ni kesi nyingine kabisa: Muislamu hana ruhusa kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Yeye umtafute kwanza kabla ya wazee wa Jumamosi.

Na mama mkubwa usimjibu kwa Hadith hizi. Umesema amehamaki, hukusema anaweza kutembea. Wazee wengi nnaowajua miguu imewagomea, na grupu ndiyo baraza yao. Asubuhi wanahesabu nani kaamka. Jina lako likatoweka pale, yeye kaona umetoweka wewe. Mwendee na mkate wa kumimina, mwache akuseme mpaka amalize, umshike miguu. Jumamosi yake iwe ya kwanza, wengine wafuate.

Kama una ndugu Muscat au Uingereza, hao huwezi kuwafuata kwa daladala. Kwao simu ndiyo njia, nayo hupata hukumu ya kule inakokupeleka. Wapigie wasikie sauti yako. Muscat wametutangulia saa moja tu, huna udhuru wa usiku.

Mwombe pia mtu mmoja wa humo ndani, mkweli, akupigie ikitokea msiba, ugonjwa au harusi. Msiba ukikupita kwa sababu hukuwa na habari, huna lawama kwa Mola, ila kwa mfiwa itakuwa kazi kumueleza.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini nimeliona kwa wengi. Mtu akishaacha mitandao huanza kuwahesabia wenzake muda wao, "mimi hayo nimeyaacha", mara tatu kwa siku. Shoga yako wa Alkhamisi akiitoa simu yake mkekani kutazama ujumbe wa mwanawe, mwache. Endelea kusuka.

Wallahu a'lam.