Sikiliza kama anasema "kwetu" au "kwao"

Dada, umeuliza kama swali moja, "Una furaha hapa?", linatosha kupima kama vijana walio kwenye malezi ya kambo wanajiona ni wa nyumba ile. Halitoshi kabisa. Kijana aliyehamishwa mara tatu ameshajua jibu linalomwepusha na kuhamishwa mara ya nne: "Ndiyo, nina furaha." Tena atalisema huku mlezi kakaa pembeni!

Kipimo cha mtafiti Goodenow cha mwaka 1993, cha kuona kama mwanafunzi anajiona ni wa shule yake, kina kauli 18, kila moja hujibiwa kwa alama 1 hadi 5. Lakini kilitungwa kwa ajili ya shule, kwa hiyo usibadilishe tu neno "shule" ukaweka "nyumba". Shuleni hakuna anayeogopa kufungua friji bila ruhusa. Kaa kwanza na vijana wachache, wakueleze wenyewe ni lini walijiona wageni, kisha tunga kauli kwa maneno yao: "Nikichelewa kurudi, kuna mtu ananiulizia." "Picha yangu ipo ukutani pamoja na za wengine." Chache ziwe za kukanusha, maana wapo wanaoweka 5 kila mahali.

Ajibu akiwa peke yake, na umwambie mapema nani ataona majibu. Akifichua kwamba anaumizwa, huwezi kunyamaza. Hilo pia alijue kabla hajaanza.

Rudia baada ya miezi kadhaa. Na ukimtembelea, angalia begi lake: nguo zimepangwa kabatini, au bado zimo ndani, zipu imefungwa?