Merikani Ilitoka Mji Gani? Maswali Yenu Kuhusu Salem

*Tangu tugusie historia ya kanga na kaniki, barua nyingi zimeuliza kuhusu merikani na mji wa Salem, jimbo la Massachusetts. Tumechagua nne.*

Bibi alikuwa akikiita kitambaa kizito cheupe "merikani". Nimesikia kilitoka Salem. Kilifumwa huko kweli, au kilipakiwa tu melini?
Msomaji, Pangani

Yote mawili, ila kwa nyakati tofauti. Mwanzoni Salem ilikuwa bandari tu. Kitambaa kilifumwa katika miji ya viwanda ya bara, hasa Lowell, ambako maporomoko ya mto Merrimack yaliendesha mitambo. Wafanyabiashara wa Salem walikinunua, wakakipakia na kuzunguka nacho Rasi ya Tumaini Jema hadi Unguja. Salem haikuwa na mto wenye nguvu, kwa hiyo ilipotaka kufuma yenyewe ililazimika kutumia mvuke. Kampuni ya Naumkeag ilifungua kiwanda chake mwaka 1847, na makaa ya mawe yakaletwa kwa njia ya bahari. Naumkeag ni jina la asili la mahali hapo, la wenyeji waliokuwapo kabla ya Waingereza.

Mlango wa biashara ulikuwa umeshafunguliwa. Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Muscat, Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alitia saini mkataba na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Ushuru ukawa asilimia 5 ya mali iliyoteremshwa, basi. Mwaka 1837 alifika Unguja balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, naye alikuwa mtu wa Salem na mfanyabiashara.

Merikani ilipendwa kwa sababu ilikuwa pamba nzito isiyopaushwa. Kitambaa chepesi kilichojazwa wanga huonekana kizito dukani, kisha kikifuliwa mara moja wanga hutoka na kubaki wavu. Wanunuzi wa pwani na bara walilijua hilo vizuri, na muuzaji aliyeleta kitambaa hafifu alirudi nacho. Vipimo navyo vilikuwa vya kwetu: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti, yaani yadi nne hivi, na doti kadhaa ni jora. Majora yalifungwa mtumba wa takriban frasila mbili, kama kilo 32, mzigo wa mpagazi mmoja wa msafara.

Meli zilirudi Salem na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Sandarusi, utomvu wa mti ulioganda, ilichimbwa ardhini Mrima, pwani ya bara inayoelekeana na Unguja, ikiwa na gamba la udongo. Huko Salem ilioshwa kwa maji ya magadi hadi gamba litoke, ndipo ikauzwa kwa watengenezaji wa vanishi. Kuna jambo halipaswi kufichwa hapa. Pamba ya merikani ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, na sehemu ya pembe na sandarusi ilipita mikononi mwa watumwa wa huku kwetu, ingawa Massachusetts yenyewe ilikuwa imeacha utumwa tangu miaka ya 1780.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba. Bei ilipanda, vitambaa vya Uingereza na baadaye vya Bombay vikachukua nafasi. Jina la merikani likabaki hata kitambaa chenyewe kilipokuwa hakitoki tena Marekani.

Salem na Boston ziko ufuko mmoja. Kwa nini moja imekuwa jiji na nyingine ina watu 44,000 tu?
Mwalimu wa jiografia, Mombasa

Mwalimu, anza na kina cha maji. Salem imekaa kwenye rasi nyembamba, kilomita 25 hivi kaskazini-mashariki ya Boston. Bandari yake imejikinga vizuri na upepo, lakini ni ya maji mafupi. Tofauti ya maji kujaa na kupwa ni karibu mita 2.7, na yakipwa hubaki tope pana. Ndiyo sababu gati la Derby, lililoanza kujengwa mwaka 1762, lilirefushwa hadi likapita mita 600: lilikuwa linayafuata maji.

Kwa merikebu ndogo za pilipili manga kutoka Sumatra, hilo lilitosha. Kisha serikali ya Marekani ikapiga marufuku meli zake kwenda ng'ambo, Desemba 1807, na vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza vikafuata. Meli nazo zikawa kubwa zaidi, zikahitaji kina ambacho Boston na New York zilikuwa nacho. Njia ya Unguja ilidumu kuliko nyingine nyingi. Mwaka 1870 Salem iliunda merikebu ikaiita Taria Topan, jina la tajiri wa Unguja, lakini mwaka huohuo Glide ikawa meli ya mwisho kuleta shehena ya Unguja Salem.

Baada ya hapo mji uliishi kwa viwanda vya ngozi na pamba. Tarehe 25 Juni 1914 moto ulianzia kiwanda cha ngozi, ukateketeza majengo 1,376 pamoja na kiwanda cha Naumkeag. Kilijengwa upya.

Ni kweli Salem walichoma wachawi?
Msomaji, Bujumbura

Hapana. Mwaka 1692 watu 19 walinyongwa na mmoja akafa kwa kukandamizwa na mawe. Hawakuwa wachawi, walihukumiwa kwa ushahidi wa uongo. Mashtaka yalianzia Kijiji cha Salem, ambacho leo ni mji mwingine, Danvers. Mahali pa kunyongea, Proctor's Ledge, palithibitishwa mwaka 2016.

Nitakuwa Boston siku chache mwezi Oktoba. Nikienda Salem kwa siku moja, nifanyeje?
Msomaji, Muscat

Usikodi gari. Oktoba mji hufurika watalii na maegesho huisha asubuhi. Panda treni kituo cha North Station, njia ya Newburyport na Rockport. Ni nusu saa hivi. Ukitafuta kwenye simu, andika Salem, Massachusetts, maana ipo Salem nyingine jimbo jirani la New Hampshire, na wengi hupotea.

Kutoka kituoni tembea hadi jumba la makumbusho la Peabody Essex. Ukumbi wake wa mwaka 1825 ulijengwa na chama cha manahodha na mawakala wa mali waliokuwa wamezunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Kisha shuka hadi Nyumba ya Forodha ya 1819, mkabala na gati la Derby. Angalia kwanza ratiba ya maji, ufike yakiwa yamekupwa. Hapo tope litakuwa wazi pande zote mbili za gati, na mnara mdogo wa taa uko mwisho kabisa, maji yanapoanza kuwa na kina.